Pumu isitajwe kabla pumzi haijapimwa

Katika njia panda ya Sonatubes, wilayani Kicukiro, jijini Kigali, kifua kikibana mshukiwa yuko tayari. Magari yanayotoka mjini kupitia Rwandex hukutana hapo na yale ya Remera na Kicukiro Centre, pikipiki hunguruma zikisubiri taa, na kiangazi kikishika kasi vumbi huongezeka. Mtu anayeshinda hapo akianza kukohoa usiku na kifua kikilia filimbi, jirani, muuza dawa na hata mhudumu wa afya watampa jina lilelile: pumu. Huenda wako sahihi. Ninachopinga ni kulitaja jina hilo kabla mtu hajapulizishwa kipimo, kisha kuliacha limfuate kwenye daftari lake la kliniki miaka na miaka.

Hakuna anayebisha kwamba pumu ipo, tena kwa wingi. Utafiti uliofanywa Kigali na Huye na kuchapishwa mwaka 2011 uliikuta kwa watu karibu 9 katika kila 100. Lakini utafiti huohuo ulikuta pia ugonjwa sugu wa kuziba kwa njia za hewa, kwa watu kati ya 4 na 5 katika kila 100. Yote mawili hukohoza, huhemesha na hutoa filimbi ileile. Tofauti ni kwamba pumu hubana na kuachia: leo mgonjwa yuko hoi, kesho anapanda mlima wa Rebero bila shida. Ule mwingine, ambao mara nyingi hutokana na sigara au miaka mingi ya moshi wa kuni na mkaa, hubana bila kuachia kabisa. Kuna pia kifua kikuu, ambacho kikohozi chake hupita wiki mbili na huandamana na homa, jasho la usiku na kukonda. Mwenye dalili hizo apimwe makohozi, si kupewa inhela.

Unaonitia hofu zaidi ni moyo. Moyo ukishindwa kusukuma damu, maji hujaa mapafuni, na mgonjwa huamka usiku akitafuta hewa huku kifua kikilia kama cha mwenye pumu. Dalili za kumtambua zipo ukiuliza: hawezi kulala bila kuinua mito, miguu imevimba, pumzi humwishia hata kwa hatua chache. Rwanda imeshaonyesha kwamba kumtambua mgonjwa huyu hakuhitaji kumsafirisha hadi hospitali kubwa ya Kigali. Katika hospitali za wilaya za Rwinkwavu na Kirehe, Wizara ya Afya na shirika la Partners In Health waliwafundisha wauguzi kuutazama moyo kwa ultrasaundi iliyorahisishwa na kuanza matibabu hapohapo. Kama muuguzi anaweza kusoma picha ya moyo, atashindwaje kupima pumzi?

Na kipimo chenyewe ni bomba dogo la plastiki lenye mshale, lisilotumia umeme. Mgonjwa husimama, huvuta hewa hadi mwisho, hubana midomo vizuri, kisha hupuliza kwa nguvu mara moja. Hurudia mara tatu, na namba kubwa ndiyo inayoandikwa. Halafu huvuta salbutamol, dawa ya kufungua njia za hewa, husubiri robo saa, hupuliza tena. Namba ikipanda kwa asilimia 20 au zaidi, mathalani kutoka 300 hadi 360, njia za hewa zimeachia na pumu inaanza kuwa na ushahidi. Isipopanda, kazi haijaisha, kwa kuwa pumu yaweza kuwa imetulia siku hiyo. Mgonjwa aende na bomba nyumbani, apulize asubuhi na jioni kwa wiki mbili, alete karatasi yake.

Wapo watakaosema: dawa imemsaidia, basi ni pumu. Hoja hii ina mvuto, lakini mwenye mapafu yaliyoharibiwa na moshi naye hupata nafuu kidogo kwa salbutamol, na kikohozi cha mafua huisha chenyewe hata ukikipa sifa ya dawa. Wengine watasema mgonjwa anayekata roho hawezi kungoja bomba. Kweli kabisa. Mwenye shambulio atibiwe kwanza, apimwe akitulia. Watoto wadogo nao hawawezi kupuliza, na kwao daktari hutegemea historia, akikumbuka kwamba filimbi iliyoanza ghafla upande mmoja wa kifua yaweza kuwa karanga iliyopalia.

Pingamizi lenye uzito ni kwamba Afrika Mashariki tatizo kubwa ni pumu isiyotambuliwa. Mwaka 2013 watafiti wa Hospitali ya Mulago, Kampala, walichapisha matokeo ya watoto 614 wa chini ya miaka mitano waliofika na shida ya kupumua; zaidi ya theluthi moja walikuwa na pumu, na wengi wao hawakuwahi kuambiwa. Nalikubali hilo bila kusita. Lakini kosa la kuiona pumu isipokuwepo na lile la kutoiona ilipo yote huzaliwa na kukisia. Hata Kanada, nchi yenye vifaa tele, mwaka 2017 kulichapishwa matokeo kwamba kati ya watu wazima 613 walioambiwa na madaktari kuwa wana pumu, theluthi moja haikupatikana nayo walipopimwa upya kwa makini, na 12 walikuwa na maradhi mazito ya moyo au mapafu yaliyofunikwa na jina hilo.

Kwa hiyo Wizara ya Afya ihakikishe kila kituo cha afya, kuanzia hivi vya Kicukiro, kina bomba hilo na muuguzi anayejua kulitumia. Nawe msomaji uliyekwisha kuambiwa una pumu, usiitupe inhela yako wala kuacha dawa kwa sababu ya makala hii. Nenda nayo kliniki, umuulize anayekutibu namba yako ni ngapi kabla ya dawa na ngapi baada yake. Kama hazimo kwenye daftari, omba upimwe.