Anayemhudumia mgonjwa, naye ahudumiwe



Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini Tanzania walitambuliwa mkoani Kagera mwaka 1983. Miaka ile kumhudumia mgonjwa kulikuwa kumwosha, kumlisha na kumwandaa kufa. Tangu mwaka 2004, dawa za kufubaza virusi zilipoanza kutolewa bure, huduma imegeuka: ni kumtia moyo ndugu ameze dawa kila siku, kumsindikiza kliniki na kumtunzia siri.

Kazi hii tumewaachia vijana wa jumuiya zetu, nasi twaiita kujitolea. Lakini kijana asiye na ajira atajitoleaje, ikiwa hata nauli yatoka mfukoni mwake? Dominika twamsifu kanisani; Jumatatu atembea kwa miguu hadi kwa mgonjwa. Sisi twaona kuwa hilo si haki. Kila Jumuiya Ndogo Ndogo na itenge sehemu ya mchango wake kwa ajili ya nauli ya vijana hawa.

Msamaria Mwema hakumwachia mwenye nyumba ya wageni majeruhi mikono mitupu. Alitoa dinari mbili (Lk 10:35). Huruma ina gharama, nasi sote tuilipe.