Panya Mwenye Nishani na Shamba la Mama Mkubwa

Mimi ni kijana wa Morogoro, nimeishia kidato cha nne. Nina riwaya yangu ndani ya kaunta buku tatu, chini ya godoro. Washikaji wananiambia, "We bwana, kitabu kisichosomwa na mtu si kitabu." Inauma, lakini ni kweli. Sasa nauliza: mbona msomi anayefungia utafiti wake kabatini haambiwi hivyo? Yeye anapandishwa cheo!

Tuanze na panya. Magawa, panya buku aliyezaliwa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, SUA, hapa hapa Morogoro, alitunukiwa nishani ya dhahabu na shirika la PDSA la Uingereza mwaka 2020, kwa kunusa mabomu ya ardhini huko Kambodia. Dunia ikapiga makofi. Nami nilijivuna, sifichi.

Ila yuko ndugu yake asiyepigwa picha: panya shamba. Huyu hufukua mbegu za mahindi usiku ule ule zilipopandwa. Watafiti wamemchunguza hapa Morogoro miaka mingi, na tangu miaka ya tisini walishaandika: mvua za vuli zikinyesha kwa wingi, panya huanza kuzaa mapema, watoto nao huwahi kukomaa na kuzaa, na baada ya miezi kadhaa mashamba yamefurika. Maana yake balaa hili lina dalili. Mkulima akiambiwa mapema, atashirikiana na majirani kuwatega kabla hawajafurika.

Mama mkubwa analima Mlali, chini ya milima ya Uluguru. Msimu mmoja alipanda mara tatu shamba lile lile. Baadaye akapita msomi na daftari lake, chuo chake sikitaji, akamhoji saa nzima. Mama mkubwa akauliza, "Majibu utaniletea lini, mwanangu?" Akajibiwa, "Yatatoka kwenye jarida, mama." Jarida lenyewe la Kiingereza. Mpaka leo anasubiri.

Najua nitajibiwa: bwana shamba yupo, SUA ina redio, na kila Agosti kuna Nane Nane. Sawa. Lakini maonyesho ni ya siku chache, panya hana likizo. Na bwana shamba atapeleka nini kijijini, ikiwa tasnifu imeandikwa Kiingereza tangu jalada hadi ukurasa wa mwisho?

Milima hii ina kumbukumbu. Mwaka 1955 Waluguru walisimama kupinga matuta ya ngazi waliyolazimishwa kuchimba na serikali ya kikoloni. Wakaonekana wabishi. Kumbe matuta yale yalikuwa yakileta juu udongo usio na rutuba, na mwenye shamba aliliona hilo kwenye mahindi yake. Elimu ikishuka kama amri, hukataliwa. Isiposhuka kabisa, ni kama haipo.

Dai langu ni dogo. Kabla ya kuvaa joho, kila mtafiti aandike ukurasa mmoja wa Kiswahili, akausome kijiji kile kile alikouliza maswali, naye aulizwe. Akishindwa kumweleza mama mkubwa, basi hata yeye hajaelewa.

Mimi nami nitazitoa kaunta buku zangu chini ya godoro, nikamsomee mama mkubwa siku hiyo hiyo. Tuone nani atatetemeka zaidi.