Kabla ya Kumshawishi Mama, Tumsikilize



Biashara ni matangazo, husema wafanyabiashara wetu, na neno hilo lina ukweli. Lakini tangazo lenye nguvu halianzi kwa maneno matamu wala kwa picha ya kuvutia. Huanza kwa utafiti: ni nani atakayeambiwa, anaishi vipi, anaogopa nini, anamsikiliza nani, na ni kitu gani kinachomzuia kutenda analoombwa. Njia hii huifuata mwenye kuuza bidhaa, huifuata mwenye kulinda afya, na hupaswa kuifuata mwenye kutunga sheria. Juma hili tumependelea kuitazama katika jambo ambalo wote watatu wamekutana juu yake, tena ndani ya vyumba vyetu vya uzazi: chakula cha mtoto mchanga.

Tuanze na wafanyabiashara, kwani wao walimjua mama mapema. Mama aliyejifungua karibuni huwa na hofu moja kubwa: je, maziwa yangu yanamtosha mwanangu? Tena humwamini sana aliyevaa sare ya uuguzi. Katika karne iliyopita, mipango ya makampuni ya maziwa ya kopo ilisimama juu ya mambo hayo mawili. Wanawake waliovishwa sare kama za wauguzi walitumwa katika wodi za wazazi na majumbani, na makopo ya bure yakagawiwa. Kopo la bure halikuwa hisani tupu. Maziwa ya mama huja kwa kadiri mtoto anavyonyonya. Akishibishwa ya kopo hunyonya kidogo, na ya mama hupungua. Kopo likimalizika, mama hana budi kununua jingine. Palipo na ufukara, unga hukorogwa kwa maji mengi ili udumu, na huenda maji yenyewe si safi. Mtoto huharisha, hudhoofika, na wengine hufariki.

Daktari Cicely Williams alilipigia kelele jambo hili mjini Singapore mwaka 1939, akasema hadharani kwamba kuwapotosha akina mama hivyo ni sawa na kuua. Mwaka 1974 shirika la War on Want la Uingereza lilichapisha kijitabu juu ya biashara hiyo katika nchi maskini, na mwaka 1977 wananchi wa Marekani walianza kususia bidhaa za Nestlé. Mnamo Mei 1981 Mkutano Mkuu wa Afya Duniani ulipitisha kanuni za kuzuia matangazo ya maziwa hayo: kura 118 ziliafiki, na moja tu, ya Marekani, ikapinga. Kenya nayo ilitunga sheria yake mwaka 2012, ikakataza kutangaza maziwa ya kopo kwa watoto wachanga na kugawa sampuli zake.

Tusidhani kwamba yamekwisha. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani na UNICEF walitoa ripoti iliyotokana na kuwauliza wazazi na wajawazito 8,500 katika nchi nane, zikiwemo Moroko, Bangladesh na Nigeria. Zaidi ya nusu yao walisema wamefikiwa na matangazo ya maziwa ya kopo. Siku hizi hayaji kwa sare. Huja kwa simu, kupitia makundi ya akina mama na washauri wanaojibu maswali hata usiku wa manane. Saa ambayo mtoto analia na nyumba nzima imelala, kampuni iko macho. Je, sisi tuko wapi saa hiyo?

Hapo ndipo wenye kuhimiza afya walipopaswa kujifunza. Kwa miaka mingi mabango yalisema maziwa ya mama ni bora, na akina mama walijibu kwamba wanajua. Waja wetu walisema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Watafiti walipotoka ofisini na kumwendea mama alipo, mambo yakabadilika. Mjini Dhaka, akina mama wa kawaida walipewa mafunzo ya siku chache, kisha wakawazuru wenzao majumbani tangu ujauzito. Kwa mujibu wa matokeo yaliyochapishwa mwaka 2000, mtoto alipotimia miezi mitano, akina mama 70 katika kila 100 waliozuruliwa walikuwa wakinyonyesha bila kuchanganya kitu kingine. Katika mitaa ambayo haikuzuruliwa, walikuwa 6 tu. Nchini Belarus, hospitali 31 za uzazi pamoja na zahanati zao ziligawanywa kwa kura: baadhi zikafunza wafanyakazi wake kumsaidia mama, nyingine zikaendelea kama kawaida. Wazazi na watoto zaidi ya 17,000 walifuatiliwa. Katika miezi mitatu, asilimia 43 ya waliosaidiwa walikuwa wakinyonyesha maziwa ya mama pekee, dhidi ya asilimia 6 ya wenzao, na watoto wao waliugua kuhara kwa uchache zaidi.

Katika habari hizo mbili, mama hakuongezewa bango jingine. Aliongezewa mtu wa kukaa naye, kumwonyesha namna ya kumpakata mtoto, na kumtuliza moyo pale hofu ilipomjia.

Na kwetu? Utafiti wa kitaifa wa afya ya jamii ulionyesha kwamba mwaka 2003 watoto 13 tu katika kila 100 walio chini ya miezi sita ndio waliokuwa wakilishwa maziwa ya mama pekee. Mwaka 2014 walifika 61. Hayo ni mafanikio makubwa, alhamdulillahi. Lakini mwaka 2022 walikuwa 60. Tumepanda ngazi, kisha tumesimama. Kwa maoni yetu, ngazi iliyobaki haipandwi kwa kurudia nasaha zilezile.

Hebu tuhesabu. Mtoto huhitaji maziwa ya mama pekee kwa miezi sita. Sheria ya kazi humpa mama likizo ya uzazi ya miezi mitatu. Miezi mitatu inayobaki atailipa nani? Sheria ya Afya ya mwaka 2017 inamtaka mwajiri atenge chumba cha kunyonyeshea, lakini muuza mahamri na mfanyakazi wa nyumbani chumba hicho watakipata wapi? Sera inayomwambia mama afanye jambo, kisha isimpe nafasi ya kulifanya, humwongezea lawama tu.

Yapo pia ya mila na ibada. Muuguzi husema mtoto asitiwe chochote mdomoni, naye bibi anakumbuka tahniki ya tende, na mwengine anakumbuka kombe. Mpangaji asiyeuliza atawaona wazee wetu kuwa wakaidi. Anayeuliza atawaketisha mashekhe na wauguzi pamoja, wazungumze ya sunna na ya usalama wa mtoto kwa heshima, kabla ya bango lolote kuchapwa.

Tuzingatie pia kwamba aya ya 233 ya Suratul Baqara, inapotaja miaka miwili kamili ya kunyonyesha, haimwachi mama peke yake. Inamkalifisha baba chakula na mavazi ya mama, inakataza mzazi yeyote kudhurika kwa sababu ya mwanawe, na kumwachisha mtoto ziwa inakuweka chini ya ridhaa na mashauriano ya wote wawili. Kisha inafungua mlango wa mnyonyeshaji mwengine. Kwa hivyo mama mgonjwa, au aliyekosa maziwa baada ya kusaidiwa, asisimangwe. Maziwa ya kopo yana mahali pake, kwa ushauri wa mhudumu wa afya. Tunachokipinga ni kumtia mama hofu ili auziwe dawa ya hofu hiyo.

Basi vikundi vyetu vya akina mama na kamati za misikiti, kabla ya kuandaa mhadhara mwengine juu ya malezi, waende kwanza kwa wazazi kumi walio ndani ya arobaini. Wawaulize: nani anakupikia? Nani alikwambia maziwa hayatoshi? Utarudi kazini lini? Usiku mtoto akilia unampigia nani simu? Majibu yaandikwe, na mpango utokane nayo. Huenda ikaonekana kwamba mtaa ule hauhitaji mhadhara, bali wanawake watatu waliofunzwa, wanaopokezana zamu za kuwazuru wazazi, na waume walioambiwa ukweli kwamba kikombe cha uji kwa mama ni sehemu ya riziki ya mtoto.

Wabillahi tawfiq.