Mshahara Ukipungua, Mkeo Anajua?

Umewahi kuongezewa mshahara? Basi hebu ukumbuke ule mwezi wa kwanza. Maziwa pakiti moja yaligeuka mbili, nyama ya Jumapili ikaanza kuonekana hata Jumatano, na kabla ya mwaka kwisha mlikuwa mmehama chumba kimoja mkaingia vyumba viwili. Hakuna aliyewafunza.

Kazi ni kurudi nyuma. Mwanauchumi wa Marekani, James Duesenberry, aliandika mwaka wa 1949 kwamba familia huzoea kiwango cha juu ilichowahi kufikia, hivyo mapato yakishuka matumizi hukataa kushuka kwa kasi ile ile. Sisi wa Eastlands tungalimwambia hayo bila kitabu.

Nina jirani, baba wa watoto watatu, ambaye kazini kwake saa za ziada ziliondolewa. Pesa hizo ndizo zilizokuwa karo. Tena kuna makato. Tangu Oktoba 2024 bima mpya ya afya hukata asilimia 2.75 ya mshahara mzima. Kwa mwenye Sh40,000 hiyo ni Sh1,100, ilhali NHIF ilikuwa ikimkata Sh1,000. Ada ya nyumba ya asilimia 1.5 humtoa Sh600 nyingine.

Je, alimweleza mkewe? Wapi! Alipunguza yale yasiyoonekana. Kwanza aliacha chamcha, kisha akaacha matatu na kutembea kutoka Buruburu hadi Industrial Area kila asubuhi. Yanayoonekana hakuyagusa: televisheni ya kulipia iliendelea kunguruma, na kwenye mchango wa harusi ya binamu alitoa kama kawaida. (Wanaume wenzangu, mbona mnacheka?)

Mama naye alipanga bajeti kwa mshahara uliokwisha kufa. Pesa zilipomwishia katikati ya mwezi alikopa dukani, na mafuta ya kupikia akayanunua ya kupima, kidogo kidogo, bei ambayo ukiijumlisha hadi lita hupita ile ya chupa. Umaskini una gharama zake.

Siku mwenye duka alipokataa kuandika deni jingine ndiyo siku binti yao wa kidato cha pili alipofukuzwa shuleni kwa sababu ya karo. Mama alimkuta mlangoni na sanduku lake. Usiku ule payslip ilitolewa mfukoni na kuwekwa mezani.

Mama alikasirika, lakini si kwa sababu ya pesa. Alikasirikia miezi mitatu ya kudanganywa. Kulipokucha alikata televisheni, akaacha unga wa pakiti na kupeleka mahindi kwa posho mill. Sukuma wiki, ambayo jina lake lenyewe latuambia ilianzishiwa nini, ikarejea mezani.

Binti alirudi shuleni wiki iliyofuata na nusu ya karo. Baba bado anatembea kwenda kazini, ila sasa hubeba githeri kwenye mkebe.