Deni Lilipwe, Nyumba Isibomoke





Wahenga walisema: kukopa harusi, kulipa matanga. Mara nyingi msemo huu hutumiwa kumcheka mdaiwa, kana kwamba kila aliyekopa alikopa kwa anasa. Lakini katika parokia zetu wako waamini wengi waliokopa kwa busara, wakiwa na kipato cha kutosha kulipa. Kisha kipato kikapungua, deni likabaki na kimo chake kilekile. Tangu Januari 2025, serikali ya Marekani iliposimamisha misaada yake kwa nchi za nje, watumishi wengi wa miradi ya afya na maendeleo hapa Tanzania walipoteza ajira. Wengine walikuwa wamekwisha kupunguzwa kazini kabla yao. Wengine wamestaafu, wamefiwa na mwenzi, au wameuguza hadi mtaji ukaisha. Katika nyumba zote hizo swali ni moja: deni lililochukuliwa kwa mapato ya watu wawili litalipwaje kwa mapato ya mmoja?

Toleo hili linazungumzia hasa deni la ovadrafti, kwa sababu ndilo linaloingia nyumbani kimyakimya. Ovadrafti ni ruhusa ambayo benki humpa mteja kutoa fedha zaidi ya zile zilizomo katika akaunti yake, hadi kikomo walichokubaliana. Mwenye duka huitumia kununua bidhaa kabla fedha za mauzo hazijaingia. Riba huhesabiwa juu ya kiasi kilichotumika, siku hadi siku, na kwa kawaida benki huwa na haki ya kudai deni lote lilipwe inapotaka. Hatari yake ni kwamba mara nyingi haina rejesho la kila mwezi la kumkumbusha mdaiwa wajibu wake. Akaunti imeshuka chini ya sifuri. Kila fedha inayoingia humezwa na shimo hilo, kisha mwenye akaunti hutoa tena fedha ya chakula. Mwaka unakwisha, deni liko palepale.

Tuchukue mfano. Baba ana duka la vifaa vya shule na ovadrafti ya shilingi 3,000,000. Duka humpatia faida ya shilingi 480,000 kwa mwezi. Mama alikuwa akipata mshahara wa shilingi 620,000 katika mradi wa afya, na mshahara huo ndio uliolisha nyumba. Mradi umefungwa. Tuseme benki inatoza riba ya asilimia 18 kwa mwaka, yaani asilimia moja na nusu kwa mwezi. Riba peke yake ni shilingi 45,000 kila mwezi. Wakilipa 45,000, watalipa hadi uzeeni na deni halitapungua hata shilingi moja. Wakilipa 100,000 kila mwezi bila kutoa tena, deni litakwisha baada ya miezi 40 na ushei. Wakiweza kulipa 150,000, litakwisha kwa miezi 24. Hesabu hizi hazina huruma, lakini zina faraja ndani yake: zinaonyesha kwamba mlima una kilele.

Je, hiyo 100,000 itatoka wapi? Hapa ndipo familia nyingi hukosea utaratibu. Huanza na deni, kisha hujaribu kuishi kwa makombo. Baada ya miezi miwili njaa huwarudisha kwenye ovadrafti. Yafaa waanze na yale yasiyoweza kungoja. Katika nyumba ya mfano wetu, chakula na mkaa ni 200,000, kodi ya pango 70,000, nauli na mahitaji ya shule 60,000, maji na umeme 30,000, dawa 20,000. Jumla ni 380,000. Kinachobaki ni 100,000, nacho ndicho rejesho la kweli. Mdaiwa anayeahidi 200,000 ili kumpendeza meneja wa benki ametoa ahadi ambayo watoto wake ndio watakaoilipa kwa kulala na njaa.

Jambo la kwanza, basi, ni ukweli, nao uanzie chumbani. Wapo waume wasiowaambia wake zao kiasi cha deni, na wapo wake walioweka rehani vyombo vya ndani bila waume zao kujua. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Sheria yenyewe imeliona jambo hili: Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 inataka nyumba ya familia isiwekwe rehani bila ridhaa ya mwenzi wa ndoa. Kama sheria ya nchi inataka wenzi wakubaliane kabla ya kuiweka nyumba rehani, je, wenzi waliofungwa na sakramenti wanaficha nini juu ya shilingi?

Jambo la pili ni kwenda benki mapema. Mdaiwa aliyepoteza kipato huona aibu. Hapokei simu, hubadili njia ili asipite mbele ya tawi. Kwa benki, kimya hicho husomeka kuwa ni ukaidi. Aende kabla ya kushindwa, akiwa na barua ya kuachishwa kazi na bajeti ya nyumba iliyoandikwa. Aombe ovadrafti igeuzwe kuwa mkopo wa muda maalumu, wenye rejesho linalolingana na kipato cha sasa, na ruhusa ya kuzidisha ifungwe ili shimo lisichimbwe tena. Aombe majibu kwa maandishi. Benki haina wajibu wa kukubali kila ombi, lakini meneja mwenye busara anajua kwamba 100,000 inayofika kila mwezi ni bora kuliko dhamana iliyouzwa mnadani kwa bei ya kutupa.

Aidha, aliyeachishwa kazi afuatilie haki zake kabla ya kukopa tena. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mfanyakazi anayestahili kiinua mgongo cha mshahara wa siku saba kwa kila mwaka aliotumikia, hadi miaka kumi. Tangu mwaka 2018 mfuko wa NSSF una fao la kupoteza ajira kwa mwanachama aliyechangia angalau miezi 18 na ambaye hakuacha kazi kwa hiari yake. Ni theluthi moja ya mshahara kwa muda usiozidi miezi sita. Wengi hawaombi kwa sababu hawajui. Sehemu ya fedha hizo ikipelekwa kupunguza ovadrafti, riba hupungua tangu siku hiyohiyo.

Jambo la tatu ni onyo. Familia iliyobanwa hukimbilia mkopo ambao wananchi wenyewe wameupa jina la kausha damu. Tuseme mtu anakopa 300,000 kwa riba ya asilimia 20 kwa mwezi ili atulize benki. Riba yake ni shilingi 60,000 kila mwezi. Litazameni jambo hili kwa makini: deni la laki tatu linakula riba kubwa kuliko deni la milioni tatu. Kulipa benki kwa kausha damu ni kuzima moto kwa mafuta ya taa. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 inamtaka anayefanya biashara ya kukopesha awe na leseni. Anayekopesha bila mkataba wa kueleweka, akachukua kadi ya benki ya mdaiwa na namba yake ya siri, huyo si mkopeshaji, ni mwindaji.

Maandiko Matakatifu hayamwondolei mdaiwa wajibu wa kulipa, lakini yanamwekea mipaka anayedai. Kumbukumbu la Torati, sura ya 24, linakataza kuchukua rehani jiwe la kusagia, kwa kuwa hilo ndilo uhai wa nyumba. Vyerehani vinavyobebwa leo ili kufidia marejesho ya wiki mbili ni mawe ya kusagia ya siku zetu. Nehemia, katika sura ya 5, aliwakabili wakubwa waliotwaa mashamba ya ndugu zao wakati wa njaa, akawataka wayarudishe. Nasi tuna wajibu wa kusema mbele ya wenye fedha, wakiwemo wale wanaoketi viti vya mbele kanisani, kwamba riba inayomfilisi maskini ni dhuluma.

Lakini tusiwanyoshee kidole wenye benki peke yao. Tujitazame sisi parokiani. Nyumba iliyopoteza nusu ya kipato chake bado inadaiwa mchango wa ujenzi, sare ya chama, zawadi ya jubilei, sherehe ya kipaimara na kadi za harusi tatu kwa mwezi. Mahali pengine majina ya wasiotoa husomwa hadharani. Mwamini anayekopa kausha damu ili jina lake lisisomwe kanisani, sadaka yake imetuletea hukumu. Viongozi wa walei wasitishe desturi hiyo. Mwenye shida aruhusiwe kusema, kwa siri na bila kudhalilishwa, kwamba mwaka huu hana.

Katika Kitabu cha Pili cha Wafalme, sura ya 4, mjane aliyetishiwa kunyang'anywa wanawe kwa sababu ya deni aliulizwa na nabii Elisha ana nini nyumbani. Majirani walimwazima vyombo. Mafuta yalipouzwa, deni lililipwa, na kilichobaki kikawalisha yeye na wanawe. Utaratibu ni huohuo hata leo: kukitambua kilichomo ndani, majirani kuleta vyombo, deni kulipwa, watoto kuishi. Mwaka 1462 Wafransisko wa Perugia, Italia, walianzisha hazina ya kuwakopesha maskini ili kuwaokoa na wala riba. Vyombo vyetu leo ni SACCOS na vikundi vya kuweka na kukopa katika Jumuiya Ndogondogo, vikiwa na daftari lililo wazi na viongozi wasiojikopesha kwanza.

Dawa ya deni ni kulipa. Lakini dawa hupimwa kulingana na nguvu za mgonjwa, na mgonjwa hatibiwi akiwa peke yake.

Maswali ya kujadili katika Jumuiya:

1. Je, katika Jumuiya yetu mtu anaweza kusema kwamba amelemewa na deni bila kusengenywa? Kama hawezi, ni kwa nini?

2. Ni michango ipi ya parokia na ya sherehe tunayoweza kuipunguza au kuiondoa kwa familia zilizopoteza kipato?

3. Nani miongoni mwetu, mhasibu, mwalimu au mwanasheria, yuko tayari kuketi na familia yenye deni, kuandika nayo bajeti na kuisindikiza benki?