Mnunuzi wa Spea za Wizi Naye Tumwite Nani?

Katika mitaa ya Nakuru, toka Kaptembwo na Rhonda hadi Free Area na Lanet, hakuna ukelele unaokusanya watu upesi kama ule wa "mwizi wa pikipiki!" Kabla mtu hajauliza ni pikipiki ya nani, wenye bodaboda wamekwisha fika kutoka kila upande, mawe yamekwisha okotwa, na kama askari polisi hawakuwahi, mshukiwa huwa hana tena nafasi hata ya kutaja jina lake. Kisha watu hutawanyika wakiamini kwamba wizi umepunguzwa. Haipiti muda mrefu pikipiki nyingine hutoweka. Nadhani yafaa sisi wakazi wa sehemu hizi za Bonde la Ufa tuulizane kwa nini dawa kali namna hii haiponyi.

Hasira yenyewe ina sababu, nami siidharau. Bodaboda ilianza kwa baiskeli huko mpakani Busia, abiria wakivushwa toka upande wa Kenya hadi upande wa Uganda, na jina lake likatokana na mpaka huohuo. Mwaka 2008 serikali ilipoondoa kodi ya VAT kwa pikipiki ndogo zisizozidi nguvu ya 250cc, kazi hiyo ilienea nchi nzima kama moto wa nyikani. Leo pikipiki ndiyo inayobeba viazi vya Molo kutoka shambani mpaka barabara ya lami, maziwa ya Njoro kabla hayajaganda, mama mjamzito wa Subukia usiku wa manane, na wakati mwingine kochi zima la watu watatu, mwenyewe kochi akiwa amelikalia juu kama sultani. Kijana anayeiendesha aghalabu si yake bado. Ama ni ya tajiri anayengoja hesabu yake kila jioni, ama ni ya mkopo unaolipwa kwa simu siku baada ya siku. Pikipiki mpya bei yake imepita shilingi laki moja na nusu. Ikiibwa, pikipiki huenda lakini deni hubaki, na tajiri naye huanza kumtazama kijana kwa jicho la kando akishuku kwamba alikula njama. Ubaya ni kwamba mara nyingine njama huwa ipo kweli, kwa hiyo hata mkweli haaminiki.

Mbinu za wezi zinajulikana. Yuko mwizi wa mchana anayengoja mwenyewe aingie dukani "dakika moja tu" na kuuacha ufunguo umening'inia. Yuko yule anayevunja swichi au kuunganisha nyaya mbili chini yake na kuondoka polepole bila haraka, ili watu wamdhanie fundi. Na yuko mbaya kuliko wote, abiria wa usiku. Huyu hukodi pikipiki mjini, husema anakwenda ndani kidogo, akifika penye giza husema "simama hapa nijisaidie", na wenzake hutoka kichakani. Wengine hununua soda ya ukarimu iliyotiwa dawa. Vijana wamekufa kwa ajili ya nauli ya shilingi mia mbili, na maiti zikaokotwa asubuhi na watu waliokuwa wakienda kukama ng'ombe.

Lakini baada ya hapo pikipiki huenda wapi? Hapa ndipo watu wengi hunyamaza. Mwizi hana haja ya pikipiki ya kutembelea. Anataka fedha, na fedha ziko kwa mnunuzi. Nyingine hupelekwa mbali, kaunti nyingine au ng'ambo ya mpaka, zikatiwa nambari mpya. Nyingi hazifiki huko. Huingizwa nyuma ya nyumba, na kwa muda wa saa chache hazina tena umbo la pikipiki: injini huku, rimu kule, tangi, betri, shoku, taa, kila kitu mbali. Baada ya siku mbili tatu vitu hivyo vimekwisha fungwa katika pikipiki za watu waungwana kabisa, waliofurahi kupata spea kwa nusu ya bei. Miongoni mwao wamo haohao waliokimbia na mawe juzi.

Wazee wa sehemu hizi walikuwa na mali yao ya miguu minne, nao walilijua tatizo hili kabla ya kuja kwa magurudumu. Wamaasai huwatia ng'ombe alama ya ukoo kwa chuma cha moto na kuwakata masikio kwa namna ijulikanayo. Wakalenjin nao wana mikato yao ya masikio. Walowezi wa Kizungu walipokuja na mashamba makubwa ya Njoro, Molo na Gilgil nao waliandikisha alama zao za chuma serikalini. Ng'ombe aliyeletwa sokoni alisomwa kama barua. Mnunuzi aliyeona sikio lililokatwa upya, au alama iliyounguzwa juu ya nyingine, alijua kwamba akimchukua mnyama huyo anachukua pia ugomvi wa ukoo mzima. Sisemi kwamba alama zilimaliza wizi. Mifugo ingali ikiibwa kwa bunduki huko Baringo na Laikipia, na kikosi maalumu cha polisi cha kupambana na wizi huo makao yake yako papa hapa Gilgil. Ninachosema ni kwamba mnunuzi alijulikana kuwa sehemu ya wizi, akaogopa.

Sheria yetu nayo inaona hivyohivyo. Katika Kanuni za Adhabu za Kenya, mwizi wa mnyama wa kufugwa, awe ng'ombe, mbuzi, punda na hata mbuni, aweza kufungwa hadi miaka 14. Mwizi wa chombo cha moto, pikipiki ikiwemo, ni hadi miaka 7. Mtu aweza kucheka kwamba mbuzi amepewa heshima kuliko Boxer, na mimi nilicheka. Lakini tazama kifungu cha mpokeaji. Anayepokea au kuuza mali ya wizi, huku akijua au akiwa na sababu ya kuamini kwamba ni ya wizi, aweza kufungwa hadi miaka 14, yaani mara mbili ya yule aliyeiiba pikipiki yenyewe. Waliotunga sheria walifahamu kwamba mwizi ni mtumwa na bwana wake ni soko. Sisi tumeigeuza: mtumwa tunamchoma moto, bwana tunamwita fundi hodari mwenye bei nzuri.

Kuna mfano wa karibu. Mwezi Januari 2022, baada ya minara ya umeme kuharibiwa na nchi kuingia gizani, Rais wa wakati huo, Uhuru Kenyatta, hakuwakimbiza wakata nyaya tu. Alipiga marufuku biashara yote ya vyuma vikuukuu, na ilipofunguliwa tena mwezi Mei ikawekewa masharti makali zaidi. Unaweza kubishana kama hatua ile iliwaonea wachuuzi wadogo, na iliwaonea. Hata hivyo ilikwenda mlango uliostahili, mlango wa anayenunua.

Na hapa nataka kusema wazi juu ya kuchoma watu. Licha ya kwamba ni uuaji, na licha ya kwamba umati haujui kumtofautisha mwizi na kijana aliyekuja kumtembelea shangazi yake, jambo hilo ni zawadi kwa mnunuzi. Kijana aliyekamatwa akiwa hai angeweza kusema nani alimtuma, nani alimwekea fedha mkononi, gereji gani ilikuwa wazi saa nane za usiku. Tukimteketeza tumeliteketeza faili. Mwenye gereji ile atalala usingizi mnono, na kesho atatafuta kijana mwingine, nao hawakosekani.

Kuhusu kufuli sina mengi, kwani wenye bodaboda wanalijua jambo hilo kuliko mwandishi. Mnyororo upitishwe ndani ya rimu na fremu, ufungwe katika nguzo isiyong'oka, maana pikipiki iliyofungwa gurudumu tu hubebwa na watu watatu na kupakiwa katika pikapu. Swichi ya siri, iliyotegwa na fundi unayemwamini mahali usipopaonyesha mtu, huwapotezea wezi dakika ambazo hawana. Kifaa cha kufuatilia kwa setilaiti ni kizuri, ila wezi wengine wana mitambo ya kukizima, na chenyewe hakipigi kelele wala hakishiki mtu. Bima ndogo ya lazima, ile ya kulipia watu unaowaumiza barabarani, hailipi hata senti moja pikipiki ikiibwa. Wengi hulijua hilo siku wanapokwenda kudai. Na safari ya usiku kwenda usikokujua, mwambie mwenzako kituoni unampeleka nani na wapi, mbele ya abiria mwenyewe. Mwenye nia njema hatakasirika.

Lililo kubwa ni alama. Nambari ya chasisi iliyogongwa katika fremu na nambari ya injini zipo, lakini ni waendeshaji wachache wanaozijua za pikipiki zao kwa moyo. Tangi, rimu na shoku hazina lolote. Kwa nini chama cha kila kituo kisichonge nambari ya pikipiki katika kila kipande kikubwa, kama sikio la ng'ombe, na kuziandika zote katika daftari linalokaa kwa mwenyekiti? Kipande kilichokwaruzwa kitajieleza chenyewe. Anayenunua pikipiki iliyotumika asiridhike na kupewa ufunguo na picha ya hati katika simu. Jina libadilishwe katika mtandao wa serikali wa eCitizen, muuzaji akiwepo, na sheria imetoa siku 7 tu za kutoa taarifa ya mabadiliko hayo. Pikipiki iliyouzwa mara tatu huku ingali na jina la mtu wa kwanza ni kichaka cha wezi kujificha.

Mafundi wa jua kali watalalamika kwamba nawaharibia riziki, kwani spea za mtumba si zote za wizi. Ni kweli, nyingi zatoka katika pikipiki zilizoanguka au kuchakaa, nazo huwasaidia maskini. Ila hizo zina mwenyewe, na mwenyewe ana jina. Kwa hiyo siku nyingine fundi akikupa rimu bila risiti, akasema ni ya rafiki yake, mwombe jina la rafiki huyo na nambari yake ya simu, uandike palepale mbele yake. Akianza kuzungukazunguka kwa maneno, mrudishie rimu yake uende duka jingine, hata kama la huko ni ghali kwa shilingi elfu moja.