Majira Si Manne kwa Watu Wote



Katika vitabu tulivyosomeshwa utotoni, mwaka ulikuwa umegawanywa sehemu nne: majira ya machipuko, majira ya joto, majira ya majani kupukutika, na majira ya baridi. Tuliyakariri, tukafaulu mtihani, kisha tukatoka nje tusiyaone. Nje tuliona mvua na jua, tope na vumbi, na pepo zikigeuka. Hata mbuyu, ambao huvua majani yake kama miti ya kitabuni, huyavua kwa kiu ya kiangazi wala si kwa theluji.

Leo twapenda kusema neno juu ya jambo hili, maana si la watoto wa shule peke yao. Ni jambo la afisi zetu, la likizo zetu, na la chakula cha nyumba zetu.

Kwanza tukumbushane asili yake. Dunia hulizunguka jua hali imeinama kadiri ya nyuzi 23 na nusu. Kwa hiyo upande wa kaskazini ukielekea jua, upande wa kusini huwa umelipa kisogo. Ndiyo maana watu wa Uingereza hutetemeka mwezi wa Desemba, na watu wa Australia ya kusini hufuta jasho mwezi huo huo. Katika mji wa Tromsø, kaskazini mwa Norway, jua halichomozi kabisa tangu mwisho wa Novemba hata katikati ya Januari. Kwa watu kama hao majira ni habari ya mwanga na giza, ya moto wa jikoni na nguo nzito.

Sisi tulio karibu na Ikweta, mchana wetu na usiku wetu hukaribia kulingana mwaka mzima. Majira yetu hayapimwi kwa urefu wa mchana, hupimwa kwa mvua na upepo. Ukanda wa mvua hulifuata jua likishuka kusini, hulifuata tena likipanda kaskazini. Mahali unapopita mara mbili, kama Tanga, Kilimanjaro na sehemu kubwa ya Kenya, watu hupata vuli tangu Oktoba hata Desemba, na masika tangu Machi hata Mei. Mahali palipo mbali zaidi kusini na bara, kama Songea, Mbeya, Dodoma na Tabora, mvua ni moja tu, nayo huanza Novemba au Desemba ikaisha Aprili. Ndivyo ilivyo na Lubumbashi katika nchi ya Kongo.

Basi hapa ndipo penye kosa letu sisi makarani. Mwenzetu mmoja aliandika barua ya kwenda wilaya zote, akaagiza kwamba mbegu zifikishwe kwa wakulima "kabla ya masika." Yeye ni mtu wa pwani, na masika yake ni Machi. Barua ile ikafuatwa kama ilivyoandikwa. Katika wilaya moja ya kusini, ambako watu huita masika mvua ile ndefu inayoanza Novemba, magunia ya mbegu yaliteremshwa mwezi wa Februari, mahindi ya wenye akiba yakiwa yamekwisha kumpita mtu kiuno. Wasio na akiba walikuwa wakiyatazama mashamba yao matupu. Hapana aliyeiba, hapana aliyelala kazini. Neno moja tu lilisomwa kwa maana mbili, na watu wakala hasara.

Wazee wa pwani walisema, usisafirie nyota ya mwenzio. Walisema hivyo kwa kuwa walikuwa mabaharia, na bahari haisamehe. Waliijua kaskazi iletayo majahazi kutoka Arabuni na Bara Hindi, waliijua kusi iyarudishayo, na kati ya hizo walikuwa na majina ya vipindi vidogo, kama demani na maleleji. Walikuwa na mwaka wao wa siku 365 waliouhesabu kwa miongo ya siku kumi kumi, na mpaka leo watu wa Makunduchi, Unguja, hukoga mwaka huo mwezi wa Julai. Kusi hiyo hiyo, ikivuka Ikweta, hugeuka kuwa upepo wa mvua kwa watu wengine: hufika Kerala, kusini mwa Bara Hindi, kadiri ya tarehe 1 Juni, na huileta mvua ya manyunyu na ukungu katika milima ya Salalah, nchi ya Oman, wakati sehemu nyingine za Ghuba zinaungua kwa joto. Watu wa Salalah huyaita majira hayo kharifu. Waarabu wengine wakitaja kharifu hukusudia majira ya kupukutika. Neno ni moja, lugha ni moja, na mambo ni mawili.

Tazameni na wengine. Wanyarwanda wana majira manne, lakini si yale ya kitabuni: ni urugaryi, itumba, impeshyi na umuhindo, yaani kiangazi kifupi, mvua kubwa, kiangazi kirefu na mvua ndogo. Wahabeshi huuanza mwaka wao mwezi wa Septemba, mvua kubwa za kiremt zikiisha. Wamisri wa kale walikuwa na majira matatu tu, mafuriko ya Nile, kupanda, na kuvuna. Na mafuriko hayo yalikoma kufika mashambani kwa sababu ya Bwawa Kuu la Aswan, lililokamilika mwaka 1970. Wenyeji wa Kakadu, kaskazini mwa Australia, huhesabu majira sita. Hapana hata mmoja kati ya hawa aliyekosea. Kila mmoja amehesabu kile kinachomlisha.

Anayekosea ni yule achukuaye hesabu ya kwao akaipandikiza kwa wengine bila kuuliza. Mfano mkubwa twaufahamu sote. Mwaka 1946 Serikali ya Uingereza ilituma wakaguzi kutazama nchi ya Tanganyika kwa ajili ya kilimo cha karanga. Walizunguka kwa majuma machache, na mwaka 1947 kazi ikaanza Kongwa, kisha Urambo na Nachingwea. Walitazamia kulima ekari zaidi ya milioni tatu. Lakini Kongwa ni Ugogo, na mvua ya Ugogo huja kwa kutangatanga: mwaka huu hunyesha, mwaka wa pili hunyima. Wagogo walikuwa wameijua tabia hiyo kwa uchungu; njaa kubwa ya mwisho wa vita ya kwanza waliipa jina lake, Mtunya. Ardhi nayo kiangazi ilikauka ikawa ngumu kama sakafu, ikazivunja plau. Mwezi wa Januari mwaka 1951 mpango ule uliachwa, na kadiri ya pauni milioni 36 zilikuwa zimepotea. Ujuzi wa majira ya Ugogo ulikuwapo, tena vijijini hapo hapo, bila kulipiwa senti.

Pengine wako watakaosema, "Serikali ni moja, na kalenda sharti iwe moja." Kweli, nasi hatuombi kalenda kumi. Mwaka wa fedha huanza tarehe 1 Julai kwa wote, na uanze. Tunachoomba ni kwamba ndani ya kalenda hiyo moja kazi ipangwe kwa kulitazama jua na mvua ya mahali. Mamlaka ya Hali ya Hewa yenyewe hutangaza utabiri wa vuli na masika mbali, na ule wa mvua moja ya Novemba hata Aprili mbali. Ikiwa wapimaji wa mvua hawachanganyi, kwa nini sisi waandishi wa barua tuchanganye?

Basi tunashauri mambo matatu. La kwanza, katika barua za kazi tuandike mwezi kwa jina lake, wala tusiseme "masika" au "kiangazi" peke yake kwa watu wa nchi nzima. La pili, anayehamishiwa wilaya ngeni, kabla ya juma la kwanza kwisha, amwendee mzee wa mahali pale amwulize: kwenu mwaka huanza wapi, na ni mwezi gani msiotaka kuitwa mkutanoni? Majibu hayo ayaache katika jalada, mwenziwe atakayemfuata ayakute.

La tatu ni likizo. Mshahara wa karani haulishi watoto, wazee na jamaa wa nyumbani. Wengi wetu hutegemea shamba. Mwenye shamba akipewa likizo mwezi wa Agosti, jembe limetundikwa, amepewa mapumziko lakini hakupewa msaada. Wengine huogopa kwamba tukifuata mashamba, afisi itabaki tupu. Sivyo. Katika afisi moja ya Dodoma, mtu wa Songea ataomba Novemba, mtu wa Tanga ataomba Machi. Kule kutofautiana kwa majira yetu ndiko kutakakoilinda afisi isiachwe. Tunawaomba wakubwa wa afisi waitazame orodha ya likizo kwa jicho hilo, na tunawaomba wanachama waombe mapema, kila mtu akitaja mwezi wa kupanda wa kwao.

Mwisho, twawakumbuka wenzetu ambao kila siku saa 3 asubuhi huenda kusoma kipimo cha mvua uani mwa afisi, wakaandika hata siku ambayo hapana tone. Kazi yao huonekana ndogo. Lakini daftari lile, likiandikwa kwa uaminifu miaka thelathini, ndilo litakalomjibu mgeni ajaye na mpango wake mkubwa: hapa mvua hunyesha hivi, na hapa hainyeshi hivyo. Tusiandike namba za kubuni.

Hayo ndiyo maoni yetu. Mwenye lake alilete, tulipime pamoja.